Jamani, msiuze vile vyuma vya babu!

  Huku Coventry baridi imeshaingia, saa kumi na nusu jioni ni giza, na watu wameanza kubandika maua mekundu ya karatasi kwenye makoti. Ni msimu wao wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Kila mwaka ukifika mimi hulikumbuka lile sanduku la bati chumbani kwa marehemu bibi.

Mwaka huu nalikumbuka zaidi, maana nimesoma kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuna mtu anapita mitaani ananunua vitu vya zamani, na wapo wanaosema vile vyuma apewe tu, kwani vinamsaidia nani? Sitaji jina, mnajijua. Haya, leo naomba mnisikilize dada yenu.

Kwanza tujue ni vitu gani. Ile nyota ya pembe sita, yenye utepe wa bluu iliyokoza na wekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, ni nishani ya Burma. Ile nyeupe ya mviringo tuliyoiita "hela ya simba" tulipokuwa watoto ni nishani ya vita ya 1939 hadi 1945. Mkiiangalia vizuri, simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Na nyota SI dhahabu, ndugu zangu. Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Huku ziko nyingi kwenye masoko ya vitu vya zamani, na nyota moja ya namna hiyo kwa kawaida haifiki hata paundi mia. Kwa hiyo huyo bwana hana utajiri wa kuwapa.

Sasa igeuzeni ile nyota. Nyuma ni tupu, sivyo? Nishani za Vita ya Kwanza Waingereza walizichonga ubavuni jina na namba ya askari. Za Vita ya Pili, kwa askari wao wengi, walizitoa hivyo hivyo bila jina. Hapo ndipo ninapoumia. Nishani ya babu inajulikana kuwa ni ya babu kwa sababu iko kwetu, na sisi tunajua. Siku ikivuka mlango imekwisha, inakuwa nyota kama nyota nyingine elfu.

Wadogo zangu mliozaliwa miaka ya tisini, nyie mmesikia tu kwamba babu alikuwa Keya. Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililoanzishwa 1902 likachukua vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Vita Kuu ya Pili iliwapeleka kupigana na Waitaliano Ethiopia, kisha na Wajapani Burma. Kwenda huko walipita baharini, na bahari nayo ilikuwa vita. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kuna mama wangapi huku kwetu walisubiri kijana ambaye hakuwahi hata kufika vitani?

Waliofika, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, tope hadi magotini, malaria kila siku, wakimeza vidonge vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Desemba 1944 wakaingia mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Wazee wa Tabora watawaambia kwamba kambi ya jeshi ya kule iliitwa Kalewa. Jina lilitoka huko!

Mimi haya sikuyapata shuleni. Mwaka 2009 nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zile kazi zetu za kuwaogesha na kuwalisha. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza, mkali kweli, hataki mtu amshike. Siku ya kwanza akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, Iringa. Akanitazama, kisha akasema, "Habari ya asubuhi, mama. Lete chai." Jamani! Nilikaa chini. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kambini, cha amri amri, lakini Kiswahili. Alikuwa ofisa kijana wa Keya huko Burma.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mimi tu wa kumwogesha. Chumbani alikuwa na fremu ya kioo, nishani zake zimepangwa ndani na chini ya kila moja karatasi ndogo: aliipata wapi, mwaka gani. Pembeni kulikuwa na kipande cha kitambaa chenye kichwa cha kifaru, yule mnyama, ambacho kilikuwa alama ya divisheni yao, walikishona begani. Panga lake la vitani alikuwa nalo binti yake, maana pale haliruhusiwi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni picha. Picha ndogo, vijana kumi na mmoja Waafrika wamekaa mbele ya hema, na nyuma, kwa penseli, majina. Yote kumi na moja, na kijiji cha kila mmoja. Kwa hiyo majina ya watu wetu yalikuwa yamelala salama kwenye kabati la Mwingereza, na kwao huenda imebaki nyota isiyo na jina anayochezea mtoto. (Babu hakuwamo. Nilitafuta, msiniulize mara mbili.) Mzee alipofariki binti yake alibeba vyote kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai.

Huku wana desturi moja naipenda. Jumapili ya kumbukumbu, aliyepigana huvaa nishani zake kifuani upande wa kushoto. Akifa, mwanawe au mjukuu anaruhusiwa kuzivaa upande wa kulia. Ukimwona mtoto wa miaka minane na nishani upande wa kulia, unajua kuna mtu nyuma yake. Nasi tunayo Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai, na mkuki na ngao vinawekwa mnarani, ni vizuri sana, lakini hiyo ni ya taifa. Ndani ya nyumba zetu hatuna kitu.

Najua kuna kaka yangu mmoja atasema, "Hizo ni takataka za mkoloni." Sikatai kwamba alikuwa mkoloni. Mwaka 2019 magazeti ya huku yalitoa habari za nyaraka za serikali kuonyesha kwamba bahashishi ya kumaliza vita aliyopewa askari Mwafrika ilikuwa ndogo mno, hata theluthi moja ya ile ya mzungu mwenye cheo hicho hicho. Ndiyo kwanza tutunze! Tukiuza hata ushahidi tutadai kwa nini? Na babu hakuwa mkoloni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyerudi akiwa hai.

Vingine vimeshakwenda na silalamiki. Kabuti la jeshi babu alilivaa shambani mpaka likawa matambara, baridi ya kwetu mnaijua. Kopo lake la chakula bibi alipimia unga miaka arobaini, na kama bado liko jikoni kwa shangazi basi liendelee kupima unga, hiyo nayo ni heshima yake. Ninachoomba ni vile vilivyobaki: nishani mbili, cheti cha kuachishwa jeshi, na ile picha iliyopasuka kona.

Nishani msizisugue kwa mchanga wala majivu, zikiwa nyeusi ziacheni nyeusi. Cheti MSIKIPELEKE kuchomwa plastiki, kikishagandishwa hakitoki tena. Kiwekwe ndani ya bahasha, mbali na ukuta wenye unyevu, na mchwa mnawajua. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kalamu ya wino inapenya. Kisha pigeni picha kila kitu kwa simu mnitumie. Kama nyumbani hakuna mahali pa salama, pale mjini Boma la zamani limekuwa makumbusho tangu 2016, tunaweza kwenda kuwauliza. Sisi ni watu wa Kalenga, fuvu la Mkwawa lilirudi 1954 baada ya kudaiwa miaka na miaka. Hatuhitaji kufundishwa kwamba kitu cha aliyekufa vitani kinaweza kuwa na thamani.

Onyo moja: kama kwenye sanduku la mtu yeyote kuna risasi, bomu au sare za JWTZ, hizo si za kuhifadhi. Polisi waarifiwe waje wenyewe, na bomu au risasi msiziguse. Sheria haichezi na hayo, na bomu kuukuu halijui kwamba vita imekwisha.

Sasa baba mkubwa. Yeye yuko hai, anakula ugali wake, na alikuwa Kagera mwaka 1978 mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Ile noti ya Uganda yenye sura ya Amin aliyoihifadhi kwenye Biblia, nani amewahi kumuuliza aliipata kwa nani? Viatu vile vilivyoning'inia stoo ni vyake au vya rafiki yake aliyebaki huko? Alisema mara moja tu jina la huyo rafiki, msibani kwa bibi, na mimi nililisikia nusu. Msimuulize habari za kuua, hapendi, na ni haki yake. Muulizeni habari za vitu. Mtu huanza na viatu, baadaye anasema mwenyewe.

Nitampigia Jumapili hii baada ya misa, saa saba za huko. Masikio yake siku hizi si mazuri, kwa hiyo nahitaji mmoja wenu akae naye amshikie simu, na mwingine awe na daftari. Nani atakuwepo?