Tumuulize kwanza



Sisi tunaowaandikia juma hili ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu, mwenye diplome ya ISP. Tulipokuwa na miaka mitatu polio ilitukausha mguu wa kushoto. Tunatembea na gongo moja, na siku za mvua, njia za Kadutu zikiteleza, tunachukua mawili. Wengi wenu mnajua hayo. Jambo ambalo hamjui ni kwamba mwaka uliopita, katika likizo kubwa, tulishika bunduki. Tunaomba msitupe karatasi hii kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Yaya wetu anakaa Sheffield, kaskazini ya Uingereza. Alipojifungua mtoto wake wa tatu alituita tuje kumsaidia kwa majuma sita. Visa ilitupotezea muda na ilimeza pesa yote ya likirimba, lakini ilitoka. Jirani ya yaya ni mzee anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Aliona gongo letu, akatusalimia, na juma la pili akamwambia yaya kwamba siku ya posho anaenda msituni, kwenye mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa. Kama tunapenda, gari lake lina nafasi.

Yaya alicheka. Sisi hatukucheka.

Wamama, mwezi wa sita 2004, Bukavu ilipoanguka, tulikuwa msichana wa shule ya sekondari. Risasi zililia tangu usiku, na watu wa kartiye walikimbia. Shangazi alisimama mlangoni na furushi kichwani akimwambia mama tutoke sasa hivi. Mama alitazama mguu wetu, akatua mzigo wake, akasema: "Huyu hawezi kukimbia, kwa hiyo tunabaki wote." Tulilala chini ya kitanda siku mbili, sisi, mama na yaya, tukila unga uliokorogwa katika maji baridi. Tangu siku zile, mlio wa bunduki na mguu huu ni kitu kimoja kichwani mwetu. Kila mmoja wenu ana siku zake za namna hiyo.

Kwa hiyo tulikataa. Mzee hakubishana. Alisema tu kwamba kuna kazi ya kuvuta kamba, nayo haigusi bunduki. Tulienda kwa sababu tulichoka kukaa ndani.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ulianza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika msitu wanatawanya vibao vya chuma, vingi vikiwa na umbo la mnyama mdogo kama panya au sungura. Kila kibao kina tundu, na nyuma ya tundu kuna kipande cha chuma. Ukipitisha risasi tunduni, kibao kinaanguka na unapata pointi. Ukipiga pembeni, kinabaki kimesimama kikikutazama. Matundu si makubwa: madogo yana upana wa milimita 15, makubwa milimita 40. Vibao vya karibu viko kama mita 7, vya mbali kama mita 50, na hakuna anayekuambia ni mita ngapi. Lazima upime mwenyewe kwa darubini iliyo juu ya bunduki: unazungusha gurudumu mpaka picha iwe safi, kisha unasoma namba. Halafu unafikiri juu ya upepo. Wengine hufunga uzi wa sufu mbele ya bunduki ili waone unavyocheza.

Bunduki hiyo haina baruti. Inasukumwa na hewa iliyoshindiliwa, na risasi yake ni kidonge kidogo cha milimita 4.5. Hata hivyo si mchezo wa kuchezea, inaweza kuumiza jicho na zaidi. Kuna mstari ambao hakuna anayeuvuka wakati watu wanalenga. Filimbi ikilia, kila mtu anatoa kidonge na kuacha bunduki ikitazama upande wa vibao. Na kwa kuwa vidonge ni vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, hakuna anayekula kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

Siku ile ya kwanza tulivuta kamba. Kila kibao kina kamba yake inayorudi mpaka mahali pa mpigaji: ukivuta, kibao kilichoanguka kinasimama tena. Tulivuta asubuhi nzima. Mlio tulioungoja kwa hofu ulikuwa mdogo, kama mtu anayefunga kifuniko cha sanduku. Mara tatu za kwanza mwili ulishtuka hata hivyo. Kufikia saa sita mchana tuligundua kwamba tunahesabu vibao tu. Tuligundua pia jambo lingine: karibu watu wote walikuwa wamekaa. Katika mchezo huu sehemu kubwa ya kulenga hufanywa mtu akikaa chini juu ya mto, bunduki juu ya magoti. Tangu utoto tumejua michezo ambayo inaanza kwa kukimbia. Hapa tuliwakuta wenye miguu yao mizima wamekaa, na wanajivunia kukaa vizuri.

Siku ya posho iliyofuata tulisema tunataka kujaribu.

Yaya alikuja nasi ili atufasirie, maana Kiingereza chetu ni cha kuomba maji na kusema aksanti. Mzee alitueleza kwamba vibao vingine vinatakiwa kupigwa mtu akipiga goti au akisimama, na ambaye mwili wake haukubali anapangiwa namna nyingine. Kisha akauliza tunahitaji nini. Kabla hatujafungua mdomo, yaya alijibu: "Hawezi kukaa chini, mguu unamsumbua. Hawezi kupiga goti. Afadhali ajaribu kimoja tu, kisha apumzike."

Yaya anatupenda. Ndiye aliyetubeba mgongoni kwenda shule mpaka mwaka wa tatu wa msingi. Yote aliyosema aliyasema kwa upendo, na tangu utoto amekuwa akijibu hivyo kwa ajili yetu. Lakini mzee aliendelea kututazama sisi, akarudia swali lake polepole. Yaya akafasiri: "Anasema anakuuliza wewe. Unahitaji nini?"

Wamama, tulikosa jibu. Tuna miaka zaidi ya 30, tunasimama kila asubuhi mbele ya watoto 54, na kwa swali hilo tulikuwa kama mtoto asiyesoma somo lake. Watu wametuhurumia, wametusaidia, wengine wametuombea kwa sauti kubwa sokoni. Kuulizwa tunahitaji nini, hatukukumbuka mara moja. Mwishowe tulisema neno la mazoea: "Sitaki kusumbua." Mzee alingoja tu. Ndipo tukafikiri kweli, tukasema: kiti kifupi kisicho na mikono, kitu cha kuinulia mguu wa kushoto, na mtu asitushike bega.

Walileta kiti na sanduku la mbao. Ilichukua dakika tano.

Tulipiga risasi 20. Vibao vilivyoanguka ni vitatu, vyote vya karibu, vyote vyenye tundu kubwa. Cha kwanza kilipoanguka hatukuruka wala kupiga vigelegele. Tuliweka bunduki chini kama tulivyofundishwa, tukalia kidogo, na yaya naye akalia, kila mtu kwa sababu yake. Usiku, tukimwogesha mtoto, yaya alituuliza: "Mimi huwa ninakujibia?" Tulisema ndiyo. Alinyamaza, kisha akasema: "Ungeniambia." Naye alikuwa na haki. Hatukuwahi kumwambia.

Hatuwaandikii ili watoto wetu wapewe bunduki, hata ya hewa. Hapa kwetu bunduki zinatosha, na mtoto akiokota kitu cha chuma asichokijua, amwite mtu mzima bila kukigusa. Tuliandika kwa sababu ya jambo lililotungojea darasani.

Mwezi wa tisa masomo yalipoanza, juma la kwanza tulitoka na mwaka wa nne kwenye jimnastiki. Watoto waliweka sakoshi na masweta chini ya mti, na msichana mmoja, ambaye miguu yake ilipinda tangu kuzaliwa, alienda mwenyewe akakaa kando ya sakoshi. Hakuna aliyemwagiza siku ile. Sisi ndio tuliomwagiza mwaka uliotangulia, tulipokuwa na darasa hilo hilo katika mwaka wa tatu. Tulimpa kazi ya kulinda vitu tukiamini tunamhurumia. Sisi wenyewe tulilinda sakoshi miaka sita ya shule ya msingi, na tunajua vizuri harufu ya masweta ya wenzetu.

Tulienda tukakaa karibu naye, tukamuuliza: "Katika jimnastiki, wewe unahitaji nini?" Alitazama chini. Hakujibu siku hiyo wala kesho yake. Baada ya juma moja alikuja kwenye meza yetu wakati wa pumziko, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mimi naweza kutupa. Lakini wengine nao wakae."

Basi tulikusanya makopo ya maziwa na ya nyanya, tukayapanga juu ya matofali, na watoto wakashona mipira kwa vipande vya vikwembe. Wote wanakaa chini, nyuma ya mstari wa chokaa. Mstari hauvukwi mpaka filimbi ilie. Kopo la karibu ni pointi moja, la mbali ni tatu. Anayetupa hupima kwanza kwa macho, hukadiria, ndipo anatupa, na hivyo somo la hesabu nalo linapita hapo. Siku ya kwanza msichana wetu aliangusha kopo moja tu, akakasirika sana, akadai kurudia. Tulifurahi kuona hasira ile. Anayelinda sakoshi hana cha kukasirikia.

Mama mmoja alikuja shuleni kutuuliza kwa nini tunafundisha watoto kulenga, katika mji huu. Ni swali la haki na hatukulidharau. Tulimwonyesha makopo na mipira, tukakubaliana kwamba neno "kupiga" halitasemwa katika mchezo huo. Unaitwa "kuangusha makopo", basi. Tangu siku ile hutuletea makopo yake ya nyanya.

Wamama, wengi katika vikundi vyetu wana mtoto, ndugu au mkwe mwenye ulemavu. Tunamjibia kwa daktari, kwa pasta, kwa mwalimu. Juma hili, mtu akimuuliza kitu, tunyamaze kidogo. Tumwache atafute jibu lake, hata kama ni siku saba. Na kama hakuna anayemuuliza, tumuulize sisi.

Siku hizi sakoshi zinalindwa kwa zamu. Juma lililopita ilikuwa zamu ya kijana anayekimbia kuliko wote, na alilalamika mpaka mwisho wa saa.