Mlango Ambao Hatukumwonyesha

Kuna jibu moja tulilolitoa miaka mitano iliyopita ambalo hatujaacha kulijutia. Jumapili moja, baada ya mafundisho, mama kijana wa hapa Likasi alitungoja nje ya kanisa, mtoto mgongoni. Alikuwa ameacha masomo katika mwaka wa tatu wa humanite, upande wa ualimu, kwa sababu ya mimba. Akatuuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mtu kama mimi anaweza bado kupata diploma ya Serikali?" Sisi tulikuwa na haraka. Tukamjibu: "Mama, wakati wa shule umekwisha kupita. Afadhali ujifunze kushona." Akashukuru, akaenda zake.

Ndivyo tulivyomjibu, sisi ambao kazi yetu ni kuwaandaa walimu! Kushona ni kazi ya heshima, lakini yeye hakuwa ameuliza habari za kushona. Na jibu la kweli tulikuwa nalo. Mwanafunzi wa kawaida humaliza miaka 4 ya humanite, kisha hufanya Mtihani wa Serikali. Aliyeacha shule naye anaweza kuufikia kwa njia ya otodidakti, yaani mtu anayejifunza mwenyewe. Kwanza hufanya mtihani wa awali. Akiufaulu, huruhusiwa kuingia katika Mtihani wa Serikali uleule: insha ya Kifaransa, kisha siku 4 za maswali. Akipata 50 kwa mia, diploma anayopewa ni diploma ya Serikali kama ya wengine. Hata kwa wadogo waliokosa shule ya msingi, kuna vituo ambamo masomo ya miaka 6 hufundishwa kwa miaka 3.

Baada ya miaka miwili tulikutana naye tena sokoni. Alitusimulia kwamba mtu fulani alimwahidi diploma bila mtihani. Akampa fedha zote za biashara yake ya unga, na mtu yule akatoweka. Tulisikiliza tukiwa tumeinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kwetu, akiuliza njia ya haki. Tulipomnyima, mwingine alimwonyesha njia ya wizi.

Tulimwomba msamaha, kisha tukaanza. Kila Jumanne na Alhamisi jioni alisoma katika chumba cha katekisimu. Wanafunzi wawili wa chuo, wa kundi la vijana, walimfundisha hesabu. Sisi tulishika Kifaransa. Hesabu ilikuwa ngumu, lakini haya ilikuwa ngumu zaidi. Jioni moja wasichana wa humanite walipita dirishani wakacheka: "Kumbe na mama naye anasoma?" Wiki mbili hakuonekana. Aliyemrudisha ni mmoja wa wasichana walewale. Alikwenda nyumbani kwake, akaomba radhi, akasema: "Njoo usome, mama. Mtoto nitamlea mimi." Tangu jioni ile alikaa uani na mtoto mpaka somo liishe.

Mtihani wa awali aliufaulu. Mtihani wa Serikali ulimshinda. Siku ya matokeo, vijana wa mtaa walipokuwa wakimwagiana poda nyeupe na kuimba barabarani, yeye alikaa ndani, mlango umefungwa. Tulidhani safari imeishia hapo. Jumanne iliyofuata alifika kabla yetu, daftari mkononi. Alisema tu: "Mwalimu, tuanze na hesabu." Tunapoandika haya, anajiandaa kurudi.

Vijana wapendwa, tangu 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, lakini minervali ya humanite bado inawaangusha wengi. Wengine wanaangushwa na mimba, na wengine na machimbo, ambako kijana huona fedha leo na kusahau kesho. Mnawajua kwa majina. Walikuwa wakikaa nanyi kwenye benchi moja.

Hatuwaombi mambo makubwa. Kila kundi litume watu wawili katika ofisi ya Ukaguzi wa elimu, wakaulize masharti ya otodidakti, ada na siku za kujiandikisha, kisha wayatangaze kwa usahihi. Aliyemaliza humanite atoe jioni moja kwa juma na vitabu vyake vya zamani. Mwingine ashike mtoto. Na anayeahidi diploma bila mtihani, mwambieni wazi kwamba ni mwizi, hata akiwa rafiki.

Zaidi ya yote, mtu akiwauliza njia, msimjibu mkiwa na haraka. Pengine imemchukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kuuliza.