Pua Kwanza, Kiberiti Baadaye

Minnesota, Januari

Dada yangu mpendwa,

Picha za Krismasi zimenifikia kwenye simu. Watoto wamekua, na mibuni nyuma ya nyumba imestawi. Ila jicho langu lilinasa kwenye kona ya sebule: ule mtungi wa gesi wa kilo 6 mliouuziwa kwa bei ya ruzuku umevishwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake kuna ua la plastiki! Nilicheka peke yangu, nikakupigia. Ukanijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba mtungi unasikia: "Mdogo wangu, kitu hicho hulipuka."

Sikukucheka tena, maana hofu hiyo hata mimi nimeionja.

Huku shamba ninakoishi hakuna bomba la gesi la mji. Nyumba nyingi zina tangi la propani uani, limelala kama nguruwe mweupe aliyeshiba. Letu ni la galoni 500, yaani karibu lita 1,900. Halijazwi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu gesi ikiwa majimaji hutanuka jua likiipiga, na lazima ipate pa kutanukia. Mtungi wako una mchanganyiko wa propani na butani. Butani huku haitufai: baridi ikishuka chini ya sifuri hubaki majimaji tu. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa nimepanga kwa mzee mmoja. Usiku mmoja nikasikia harufu ya mayai yaliyooza kutoka chumba cha chini ya ardhi. Nikashuka ngazi, mkono ukaenda wenyewe kutafuta swichi ya taa. Mzee akaudaka kabla haujafika. Hakusema neno. Alinivuta hadi nje, mimi na soksi zangu kwenye theluji, akafunga koki ya tangi, kisha tukaenda kupiga simu kwa jirani. Baadaye ndipo akanieleza: cheche ndogo ndani ya swichi ingetosha.

Dada, gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo hutiwa kwa makusudi kiwandani ili pua ijue. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya gesi kuvuja ni uvundo. Tena ni nzito kuliko hewa: haipandi darini kama moshi wa kuni, hutambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni. Ndiyo maana kule ilijaa chumba cha chini. Kwako itajaa pale pale unapoweka kigoda na watoto wanapotandika mkeka. Ukiisikia, usiwashe wala usizime taa, na simu usiiguse ukiwa ndani. Funga mtungi, acha milango wazi, watoe watoto. Ukiwa nje ndipo upige 114, Zimamoto.

Kila ukiunganisha mtungi mpya, koroga sabuni kwenye maji, upake kwenye regulata na kwenye mpira mzima unaopeleka gesi jikoni, kisha fungua gesi. Povu likivimba, panavuja. Wapo wanaopima kwa kiberiti, usijifunze kwao. Mtungi usimame wima, na bodaboda asiulaze akiupandisha kutoka Mbinga mjini. Mpira ukianza kupasuka, ubadilishe. Wakati wa kuwasha, njiti iwake kwanza ndipo ufungue jiko. Ukimaliza, funga mtungini pia, usiishie kwenye jiko. Na dukani dai upimiwe kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, ongeza kilo 6, utajua kama umepunjwa.

Najua utasema mkaa umetulea. Kweli, lakini Juni baridi ya kwetu Umatengo ikikaza tuliingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Tulipoamka na vichwa vizito tulisema ni usingizi. Ilikuwa hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na rangi wala harufu, na hakuna kiwanda kinachoitia uvundo. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwenye baridi kali, watu wengi wa Houston walikimbizwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo, kwa sababu ya jenereta na majiko ya mkaa yaliyowashwa ndani. Mtungi ukivuja hupiga kelele puani. Mkaa hunyamaza.

Huko nyumbani serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024; inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Sisemi utupe mafiga kesho. Maharage yetu ni walaji wa gesi. Yaloweke usiku kucha, au yaachie kuni. Anza na chai ya asubuhi, na yule mbasa wa Mbamba Bay ukimpata, mkaange kwenye gesi.

Jumapili nitakupigia. Nataka unionyeshe povu la sabuni, si kitambaa. Kitambaa kivishe redio.

Mdogo wako