Wazazi Wetu Istanbul

Baba yetu alipostaafu ualimu, yeye na Mama walikwenda Istanbul kwa siku saba. Wapo waliotuuliza: kwa nini fedha ile isiimalizie nyumba?

Walisali katika Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita, ulioanza kujengwa mwaka 1609. Walisimama chini ya kuba la Ayasofya, kanisa lililokamilika mwaka 537, likageuzwa msikiti, kisha makumbusho, na tangu mwaka 2020 msikiti tena. Wakavuka Bosphorus kwa feri, kutoka Ulaya hadi Asia, wakinywa chai.

Lakini wanachotusimulia zaidi ni vilima vya mji ule. Mama anaumwa magoti. Baba, aliyezoea kutangulia njiani, alimshika mkono kila penye ngazi, akamngoja kila alipochoka. Mama anasema hawakupata kutembea bega kwa bega namna ile tangu walipooana. Walikuwako watoto, na madaftari ya kusahihisha.

Nyumba itangoja. Ndugu zetu, kiinua mgongo cha wazazi si urithi wetu wa mapema. Katika kuwatendea wema wazazi, mna pia kuwaachia wafurahi pamoja wangali hai.