KUTOKA KARIOKOR KWENDA KUTAZAMA MAPOROMOKO YA KARURU

Mkaaji wa Kariokor si mgeni wa habari za mizigo na safari. Jina la mtaa huo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wengi wao walikwenda pasipo hiari, na wengi hawakurudi. Vizazi vya leo vyaweza kusafiri kwa hiari, na safari moja iwafaayo vijana, vyama vya akina mama na jamaa za nyumbani ni kwenda kuyatazama maporomoko ya Karuru katika milima ya Nyandarua.

Maporomoko hayo yamo ndani ya hifadhi ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950. Maji huanguka kwa ngazi tatu: ya kwanza meta 117, ya pili meta 26, na ya tatu meta 130, jumla yake meta 273. Karibu na ukingo yamejengwa majukwaa ya mbao ya kutazamia, ambapo mtu husimama akaona maji yakipotelea bondeni katikati ya msitu mzito. Ng'ambo ya bonde yaonekana maporomoko mengine, ya mto Gura, kama uzi mweupe ulioning'inizwa juu ya jabali.

Pengine msomaji atauliza, “Maji hayo ya mbali yatufaa nini sisi wa mjini?” Yatufaa sana. Maji ya Karuru huingia mto Gura, kisha Sagana, kisha Tana, na huko chini huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tena sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Nairobi hutoka katika milima hiyo hiyo ya Nyandarua, kwa njia ya mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Basi msitu ule ukikatwa, mama wa Kariokor ndiye atakayepanga foleni na mtungi wake. Kwa sababu hiyo ulijengwa ua wa nyaya za umeme wa kilometa 400 hivi kuuzunguka msitu. Kazi ilianza mwaka 1989 ikamalizika mwaka 2009.

Sasa tuseme juu ya matayarisho, maana safari isiyopangwa hula fedha bure. Kwanza, chagueni majira. Wakati wa masika na wa vuli njia za hifadhini huwa matope matupu, na gari huweza kukwama kutwa nzima. Januari na Februari ni miezi mizuri.

Pili, fikirieni gari. Matatu itawafikisha Nyeri, mwendo wa kilometa 150 hivi, lakini haitawafikisha kwenye maporomoko. Yapasa kukodi gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Gari hilo ndilo litakalokula sehemu kubwa ya mchango wenu. Kwa hiyo afadhali watu wajaze nafasi zote, kila mmoja atoe sehemu yake mapema, na mweka hazina aandike kila senti.

Tatu, lipeni kiingilio kwa njia ya simu au mtandao kabla ya kufika langoni, kwani fedha taslimu hazipokewi. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni.

Nne, laleni Nyeri, mwondoke alfajiri. Ukungu wa mlimani hushuka bila hodi, na mtu aliyechelewa aweza kusimama juu ya jukwaa akasikia mngurumo wa maji asione hata tone. Chukueni makoti mazito, viatu vya kushika ardhi, chakula na maji ya kunywa. Watoto washikwe mikono. Asiwepo wa kupanda ukingo wa jukwaa kwa ajili ya kupigwa picha, kwa kuwa mawe yale huteleza daima. Tena msishuke garini popote mpendapo, kwa maana nyati, tembo na chui ndio wenyeji wa huko. Ombeni askari wa wanyama afuatane nanyi.

Jambo moja zaidi wazee wawaeleze vijana njiani. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliufanya msitu huo kuwa eneo la marufuku, na aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi. Aprili 1954 mitaa ya Waafrika ya Nairobi ikazingirwa, na maelfu ya watu wakapelekwa kizuizini. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 kando ya msitu huo huo. Kwa hiyo mtu wa Kariokor anayepita langoni leo akiwa na kitambulisho chake mkononi apita mahali ambapo babu yake alikatazwa kukanyaga.

Basi, enyi wenye vyama, kutaneni, hesabuni fedha, chagueni siku. Nanyi mkirudi, waelezeni jirani zenu mahali yanapotoka maji wanayoyanywa, ili nao wapate kuutunza msitu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.