Bunduki za Nyota Katika Kisiwa cha Macaloe

Wapo watu wazima wengi wanaodhani kwamba sinema za vita vya angani haziwahusu, kwa kuwa hadithi zake ni za nyota za mbali na za watu wasiokuwapo. Mimi naona zinatuhusu sana, hasa sisi tunaoishi mahali ambapo mlio wa bunduki si jambo la hadithi.

Cheti nilicho nacho ni cha ualimu, ingawa kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mtumishi wa ofisini. Katika kazi ya kuandikisha watoto waliofikia umri wa kusoma nilikaa majuma matano katika kisiwa cha Macaloe, pwani ya Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Ni kisiwa cha wavuvi. Wamo wenyeji, wamo waliopo dago tu kwa msimu wa samaki, na wamo waliohama bara kwa sababu ya vita vilivyoanza katika mji wa Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, yaani miaka 100 baada ya mwaka 1917. Nautaja mwaka 1917 makusudi, nami nitaurudia. Kimwani ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni cha kila mtu mwenye kuuza au kununua samaki.

Kijana mmoja pale ana televisheni, betri mbili na kibao cha kuvuta umeme wa jua, na kibanda cha makuti. Kiingilio ni kidogo, hata samaki wawili hupokewa. Filamu iliyowateka watoto wakati nilipokuwapo ilikuwa Star Wars, ile ya kwanza, iliyotolewa Marekani mwaka 1977 na kuongozwa na George Lucas. Juu ya sauti za wachezaji ilipachikwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili, mtu hodari wa maneno, ambaye alieleza kila risasi kana kwamba alikuwapo. Humo askari waliovaa mavazi meupe wanabeba bunduki fupi nyeusi zinazotoa mwali mwekundu.

Haikupita wiki moja kabla ya bunduki hizo kuonekana mitaani. Watoto wa pwani wana mikono. Walichonga mbao za chombo kilichovunjika, wakafunga kipande cha bomba la plastiki kuwa mtutu na betri iliyokufa juu yake kuwa darubini, kisha wakapaka masizi yaliyochanganywa na sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo. Zilinuka, lakini kwa macho zilikuwa kazi safi.

Jioni moja, giza likianza kuingia, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi alitokea nyuma ya nyumba akiwa ameshika ya kwake begani. Mama mmoja aliyehamia kutoka bara alikuwa akipepeta mchele. Hakupiga kelele. Aliitupa ungo, akamlalia mtoto wake mdogo kifudifudi mchangani, akabaki hivyo. Tulimwinua wanawake wawili na mimi, na muda mrefu ulipita kabla hajakubali kuutazama ule ubao. Mvulana alisimama pale analia kuliko yeye.

Kesho yake askari mmoja wa doria aliyeshuka kununua samaki aliombwa aitazame bunduki ile. Aliipima mkononi, akaigeuzageuza, akasema kwa upole, “Mchana nitacheka. Saa moja jioni, kijana akitoka nayo mikokoni, mwalimu, mimi sina muda wa kunusa sifa.” Ndugu askari wanaosoma ukurasa huu wanaelewa alichosema, na wake zao pia.

Wazazi waligawanyika. Wengine walitaka kibanda kifungwe. Sikukubaliana nao, wala sikubaliani nao leo, kwani mtoto atakayekatazwa filamu kisiwani ataitazama Pemba au Mtwara. Nilitaka tuwaambie watoto ukweli wa silaha wanazoziabudu, na ukweli huo, ajabu, uko ndani ya filamu yenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba bunduki zile za nyota hazikubuniwa kutoka hewani. Ile ya askari weupe ni Sterling, bunduki ndogo ya rashasha ya Kiingereza ya risasi za milimita 9, iliyoanza kutumiwa rasmi na jeshi la Uingereza mwaka 1953. Watengeneza filamu walikuwa wakipiga picha karibu na London, wakaazima silaha halisi, wakaondoa magazini ndefu inayoingia ubavuni na kuweka fupi, wakabandika darubini juu na vipande vya plastiki kuzunguka mtutu. Kitako chake cha kukunja kimebaki vilevile chini. Nyingine zilifyatua risasi baridi mbele ya kamera, na ule mwali ukachorwa baadaye. Bastola ya yule nahodha mwenye majivuno, Han Solo, ni Mauser ya Kijerumani ya mfano wa mwaka 1896. Bunduki kubwa kuliko zote wanayobeba askari kule jangwani ni Lewis iliyovuliwa sahani yake ya risasi, na pia imo MG34 ya Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili. Hata mlio wake ni wa duniani: fundi wa sauti, Ben Burtt, aligonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa redio. Wavulana wa Macaloe waliposikia hilo walikwenda kugonga kila waya uliokazwa kisiwani, hata mwenye televisheni akaja kunishitaki.

Basi silaha za kesho ni bunduki za babu zetu zilizovalishwa kofia. Lewis na ndugu zake si wageni kwetu. Mwezi Novemba 1917 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliuvuka Mto Ruvuma na askari wake, na tarehe 25 akaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, akachukua bunduki na risasi alizokuwa amezikosa. Na nani alizibeba? Wapagazi. Maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vile, upande huu na ule, hawakufa kwa risasi, bali kwa mizigo, njaa na maradhi.

Jambo hilo la mizigo sikuliona mimi. Aliliona mzee mmoja wa kisiwani aliyepigana upande wa FRELIMO katika vita vya ukombozi, vilivyoanza kwa risasi za Chai tarehe 25 Septemba 1964 na kumalizika mwaka 1974. Tulimwomba aje kibandani atazame filamu pamoja na watoto. Alikaa kimya mpaka karibu na mwisho, kisha akauliza, “Hawa risasi zao zinabebwa na nani?” Watoto wakamwambia, babu, hizi hazina risasi, ni mwanga. Akasema, “Hata mwanga huja na sanduku.” Ndipo akawaeleza jinsi silaha zilivyotoka Tanzania, zikavuka Ruvuma na kuingia msituni juu ya vichwa vya watu, wanawake wengi miongoni mwao, usiku kwa usiku, sanduku la risasi likimchubua mtu utosi. Akawaeleza pia kwamba bunduki ya kweli hupata kutu, na kwamba chumvi ya bahari haiheshimu jemadari.

Kisha alisema neno ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowaingia zaidi. Katika filamu mwali unaonekana ukija, na shujaa anauinamia. Watoto waliamini hivyo kabisa. Michezo yao yote ilikuwa ya kuinama. Mzee akawaambia risasi haionekani. Nami nikaongeza hesabu, kwa kuwa hesabu ni kazi yangu: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na risasi ya bunduki kama ile G3 waliyobeba Wareno hutoka mtutuni kwa mita kama 800 kwa sekunde. Aliyepigwa kutoka mbali hapigwi baada ya kusikia mlio. Kibanda kizima kilinyamaza. Mtoto mmoja aliyetoka bara alisema tu, “Ndiyo,” na hatukumwuliza zaidi.

Tulizungumza pia juu ya vitu vinavyookotwa. Mwezi Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imeondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana, baada ya kazi ya zaidi ya miaka ishirini; miaka miwili baadaye vita vipya vikaanza katika jimbo hili na kuacha vyuma vingine. Mtoto aliyezoea kutengeneza bunduki kwa takataka huokota kila chuma. Akina mama, chunguzeni mifuko ya kaptura kabla ya kufua. Kitu kigeni kisiguswe, kisipigwe jiwe, kisiletwe nyumbani. Mahali pake pawekewe alama kwa mbali, na askari waitwe.

Hatukuzichoma bunduki zile, ingawa mama wa yule mvulana alizitaka ziingie jikoni usiku uleule. Mzee alimpinga. Kwao walipoanza mafunzo, alisema, walishika magongo, na hakuona aibu katika gongo. Walikubaliana kwa shida: bunduki zipakwe rangi nyekundu iliyobaki ya chombo, zichezewe mchana na uwanjani tu, na jua likishuka zikae kwa mwenye kibanda. Atakayeonekana nayo mikokoni au ufukweni wakati vyombo vinaingia atanyang'anywa na kukosa filamu mwezi mzima. Adhabu hiyo ya pili ilitungwa na watoto wenyewe.

Nilipoondoka bunduki saba zilikuwa zimepakwa rangi. Ya nane, ya yule mvulana, ilikuwa imefunguliwa vipande. Alikuwa amemrudishia mwenye televisheni bomba lake na kuupeleka ubao kwa yule mama wa bara, ambaye ungo wake ulipasuka jioni ile. Mama aliupokea ubao, akauweka chini ya mtungi wa maji. Kibandani hajaingia bado.