Habari ya Matezi, na Rovu la Shangazi Yangu

Leo nataka kuwaandikia habari ya matezi yaliyomo mwilini mwetu. Nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwangu, ingawa si la kujisifia, kwa maana ndilo lililonifundisha.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha upande wa Sengerema, karibu na ziwa. Nilikaa kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa na rovu shingoni, nalo lilikua kidogo kidogo hata likawa kubwa kama yai la bata. Akaona taabu kumeza ugali, na usiku alikoroma kama mtu anayekabwa. Jirani yetu alikuwa bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu. Watu wakasema, "Macho yale si ya bure. Yeye ndiye aliyemfunga shingo." Wakaacha kumwamkia, na watoto wakakatazwa kwenda kwake kuomba moto. Nami, niliyekuwa nikifundisha habari za mwili ubaoni, sikusema neno. Nilimpita njiani nikitazama chini. Hata asubuhi moja tukakuta mlango wake umefungwa. Amehamia kwa binti yake, ng'ambo ya ziwa.

Nikamsihi shangazi twende hospitali mjini Mwanza. Akakataa, akisema, "Mwanangu, haya si maradhi ya hospitali." Lakini pumzi ilipozidi kuwa nzito alikubali, tukavuka kwa kivuko pale Busisi, maana siku zile daraja halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2025. Daktari alimshika shingo, akamwambia ameze mate, akaona rovu linapanda na kushuka pamoja na koo. Kisha akanigeukia mimi, akauliza, "Mwalimu, nyumbani mnakula chumvi gani?" Nikastaajabu. Shingo na chumvi, wapi na wapi?

Basi, tezi ni nini? Ni kundi la chembe hai, ndizo seli, ambazo kazi yake ni kuchukua vitu katika damu, kuvigeuza kuwa kitu kipya, na kukitoa kwa faida ya mwili. Matezi ni ya namna mbili. Ya kwanza yana mifereji: ya mate, ya jasho, ya machozi, ya maziwa. Ya pili hayana mfereji. Humimina kazi yake ndani ya damu yenyewe, na damu huichukua mwili mzima kama tarishi achukuavyo barua. Kitu hicho huitwa homoni. Kongosho lina namna zote mbili: hupeleka utumboni maji ya kuyeyusha chakula kwa njia ya mfereji, na hutia damuni insulini, inayotawala sukari ya mwili.

Tena chembe hazitoi vitu kwa njia moja. Nyingi hufunga kazi yake katika vifuko vidogo sana. Kifuko husogea mpaka ukingoni mwa chembe, hushikamana nao, hufunguka, na kilichomo humwagika nje. Chembe hubaki nzima. Mate na insulini hutoka hivyo. George Palade, mzaliwa wa Rumania, aliifuata safari hiyo hatua kwa hatua katika chembe za kongosho, na mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Njia ya pili tunaiona kila asubuhi zizini: tone la mafuta ya maziwa hutoka katika chembe ya kiwele likiwa limevikwa kipande cha utando wa chembe hiyo. Ya tatu ni ya matezi ya mafuta ya ngozi: chembe hujaa mafuta, hupasuka na kufa, na yenyewe ndiyo inayotolewa.

Sasa turudi kwenye shingo. Tezi la shingo hutengeneza homoni inayoamuru mwili uchome chakula kwa kiasi gani, na mtoto akue vipi, mwili na ubongo. Homoni hiyo haiwezi kutengenezwa pasipo madini joto. Mtu mzima huhitaji kidogo mno: ukiigawanya gramu moja mara milioni, sehemu 150 zamtosha kwa siku. Ya maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Walakini mkono mtupu haulambwi. Yakikosekana madini hayo, tezi halina cha kutoa. Chini ya ubongo liko tezi dogo, kama punje ya haragwe, nalo ndilo msimamizi. Likiona homoni imepungua katika damu, hulihimiza tezi la shingo lifanye kazi zaidi. Maskini tezi huongeza chembe, hujitanua, lipate kunyakua hata chembechembe ya mwisho ya madini joto. Rovu ndilo hilo: mfanyakazi anayehimizwa naye hana vifaa.

Mtauliza, twakosaje madini hayo, nasi tuna sato, sangara na dagaa? Mvua za miaka mingi huyaosha katika udongo na kuyapeleka baharini. Samaki wa bahari wanayo tele, wa maji baridi wanayo machache. Tena muhogo mchungu usiovundikwa vema una sumu, na mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi kuyapokea. Kwa hiyo mama zetu wanaovundika udaga kwa siku kadhaa, kisha wakauanika, wanafanya kazi ya akili.

Shangazi alipasuliwa, akapona. Kovu likabaki shingoni kama uzi. Na macho ya yule bibi? Juu ya kila jicho, upande wa nje, liko tezi la machozi. Moshi ukiingia, humwaga maji lilioshe jicho. Usukuma miti ni haba mahali pengi, na mwanamke aliyepikia samadi kavu na mashina ya pamba miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje, kama si mekundu?

Mwaka uliofuata nilivuka kwenda kumtafuta. Nilimweleza yote, ya rovu na ya moshi, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, siku zile ulikuwa umekwisha kuyajua haya?" Nikajibu kwamba sikuyajua. Akasema, "Lakini kuamkia ulikujua." Sikuwa na jibu, wala leo sina.

Ndugu zangu, tangu miaka ya 1990 sheria ya nchi yetu inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Nunueni hiyo, msile ile ya mawe inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe. Ifunikeni, isikae penye unyevu wala jua, na itieni chunguni chakula kikikaribia kuiva, maana madini hayo hupotea upesi. Zaidi ya wote mwangalieni mwenye mimba, kwa kuwa mtoto akiyakosa tumboni, ubongo wake huweza kudumaa, na kilichodumaa hivyo hakirudi. Na jirani yenu mwenye macho mekundu, mwamkieni. Kisha mtobolee dirisha jikoni mwake.